Siku Mzee Kombo Alipoangusha Kamba

Mwanangu wa kidato cha kwanza, usicheke. Najua nina miaka kumi na saba, na ndevu zangu nne nimezipa majina. Lakini bwenini humu mzee ni mimi, na iko siku moja ya kijijini kwetu Kirongwe naikumbuka hata nikiwa sitaki.

Mzee Kombo, mkwezi wetu, alipanda mnazi mrefu nyuma ya msikiti. Alipofika kileleni akaivua kamba ya miguuni, akaiangusha. Mkwezi huangusha nazi, hata panga. Kamba haangushi, kwani ndiyo ya kushukia. Juma lile alikuwa amemzika mwanawe, Hamisi, niliyekaa naye dawati moja.

Watu wakajaa, kila mmoja na hotuba yake. "Shuka, usikufuru." "Jikaze, wewe mwanamume." Nami, ili wenzangu wacheke, nikapaza sauti: "Mzee Kombo, ukija huku usisahau madafu mawili!"

Wakacheka wawili. Mzee kule juu akaachia mkono mmoja.

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulikuwa na miiba.

Wakaja polisi wawili waliokuwa wamerudi mafunzoni bara. Nilidhani tutasikia filimbi na matusi. Askari kijana akaturudisha hadi ukutani pa msikiti, akatukalisha kimya, akauliza yaliyokwisha kusemwa, kisha akasimama na daftari akiandika kila neno. Mwenzake, koplo wa kike, akavua kofia, akaketi mchangani.

"Shikamoo, baba."

Ikaadhiniwa alasiri, ikaisha.

"Marahaba."

"Mimi Afande Rehema. Sina haraka. Nisimulie habari za Hamisi."

Jina lile sote tulikuwa tunalikwepa. Mzee akaanza kusema. Hamisi, mtoto wa mkwezi, alikuwa akiogopa kupanda hata mpapai.

"Hata mpapai?" akauliza koplo, basi. Hakumwambia yamepita, wala hakumkatiza. Askari kijana akimwonyesha daftari, koplo anasoma, anangoja. Kivuli cha mnazi kikatambaa mpaka miguuni petu.

"Afande," akasema mzee mwishowe, "kamba yangu iko wapi?"

"Ninayo. Nani akuletee?"

Akamtaja mkwezi mwenzake, naye akampandishia.

Alipokwisha kushuka na kupewa maji, koplo akaniita. "Wewe wa madafu, njoo." Nikaandaa shavu. Hakunipiga. "Unajua tulifundishwa nini muda wote ule kule bara? Kunyamaza. Mwenzangu anajifanya yuko juu, mimi nakosea neno, tunaanza upya. Kila siku. Hapa leo, mwanangu, hapakuwa na kuanza upya."

Bora angenipiga.

Mzee Kombo hakwei tena. Likizo iliyopita nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia. Akaitika, kisha akasema polepole, "Sauti yako niliijua kule juu. Ndiyo iliyokuwa ikimchekesha Hamisi."

Nikaketi chini barazani, nikamsikiliza habari za Hamisi.

Basi shika hili, mwanangu: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukimwona mtu amepanda na uchungu wake, usimhubirie, usimchekeshe. Mwite anayejua, maana kunyamaza kule ni ufundi wa kusomea. Na mpaka afike, keti chini, ungoje. Mola akupe masikio mapana kuliko mdomo wangu, na siku ukiiangusha kamba yako, awepo chini mtu wa kukushikia. Amina.