Kwetu Mzee Haanguki

Nilipokuwa mtoto, kwa boma letu ng'ombe alianguka, mahindi yalianguka kwa upepo, na hata mchungaji wetu aliwahi kuanguka na pikipiki, watu wakasema wazi kwamba ameanguka. Lakini mzee hakuanguka. Mzee aliketi. Ukimkuta nyanya yako amelala chali kwenye matope, kitambaa kimemtoka kichwani, ulitakiwa useme ameketi, umsaidie kuinuka, kisha mnyamaze wote wawili.

Sababu tuliambiwa mapema, kama tulivyoambiwa tusicheze na moto. Udongo una masikio. Ukitaja kwamba mzee ameanguka, udongo unasikia kwamba amechoka, na unaanza kumngoja. Sijui kama hii ni imani ya Wakipsigis wote au ni ya ukoo wetu tu. Nimewauliza wenzangu wa Bomet na Kipkelion. Wengine wamecheka, wengine wamenyamaza kwa namna iliyonionyesha kwamba kwao pia kuna neno lisilotajwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nasi tuliishika methali hiyo kama sheria ya serikali.

Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya, alikuwa mama wa baba. Aliishi katika nyumba yake ya udongo iliyopakwa chokaa, hatua chache kutoka kwetu, huku juu ya Mogogosiek ambako mvua huja karibu kila alasiri. Mimi nililala kwake tangu mdogo wangu alipozaliwa na kuchukua nafasi yangu kitandani. Alikuwa mkali na alipenda mzaha. Chai ya mama aliiita maji ya kuoshea miguu, kisha anakunywa vikombe viwili. Mama alitoka upande wa Nyamira, na Kikipsigis chake hakikuvuka salamu na majina ya vyakula, kwa hiyo yeye na Kogo walizungumza Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa njia yake. Ndicho Kiswahili nilichokulia, na ninakipenda mpaka leo.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, Kogo alianza kushika ukuta. Hakuushika kama mtu anayeanguka. Aliupapasa tu, kutoka mlangoni hadi kitandani, mpaka kwenye chokaa pakatokea mstari wa rangi ya udongo, usawa wa kiuno chake. Wageni walipouliza, watu wa nyumbani walisema anasalimia oiik, yaani wazee wetu waliotangulia. Mkono wake ulipoanza kutetemeka akamwaga chai sakafuni, tulisema amewapa oiik sehemu yao, kwa sababu kweli wazee wa zamani walikuwa wakimwaga kidogo chini kabla ya kunywa. Siku hizo oiik wetu walikunywa sana.

Mambo mengine hayakuhitaji hata jina. Akitaka kuinuka kwenye kigoda alijaribu mara mbili, mara ya tatu ndio anasimama, halafu anabaki hapo macho yamefumbwa, akingoja nyumba itulie. Ilikuwa miezi michache tangu apewe dawa ya presha kwenye zahanati, lakini hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Alipokuwa akitembea ukamwita, alisimama kabisa kabla ya kujibu, kana kwamba miguu na mdomo havingeweza kufanya kazi pamoja. Baba alisema hiyo ni heshima ya watu wa zamani. Kanisani aliacha kwenda, akasingizia baridi. Kanisa letu lina ngazi saba na halina mahali pa kushika, lakini hilo nililiona nikiwa mtu mzima, nimebeba mtoto wangu mwenyewe nikizipanda.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi, tukichuna majani chai. Alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu. Nilisikia matawi yakivunjika, nikageuka, nikaona kikapu peke yake juu ya michai.

"Kogo, umeanguka!"

Aliniziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya majani mabichi.

"Mimi nakaa," alisema. Alikuwa anahema. "Mguu inachoka, nakaa. Wewe hapana taja hiyo neno."

"Nimwite mama?"

"Ukiita mama yako, ataita baba yako, baba yako ataita Rael. Rael atanipeleka kwake Kiptere nikae kwa kiti kama picha. Nani atakamua ng'ombe yangu?"

Rael alikuwa shangazi yangu, binti yake mkubwa. Nilielewa. Nilimpangusa matope kwenye sketi, naye akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso, kama wazee wanavyobariki. Nilirudi kwenye mstari wangu nikijiona mtu mkubwa mwenye siri.

Mara ya pili ilikuwa kando ya tangi la maji. Mara ya tatu ilikuwa asubuhi, kando ya kitanda tulicholalia. Alikuwa akivaa viatu. Siku hiyo alipata alama nyeusi kwenye paja, kubwa kuliko mkono wangu, na kwa wiki nzima alioga akiwa amejifungia. Mara zote tatu nilimwinua mimi. Mara zote tatu nilisema moyoni, ameketi, ameketi, ili udongo usikie vizuri.

Kisha Shangazi Rael akaja kututembelea Jumapili moja. Tulikula, vyombo vikatolewa, mama akakaa kwenye ukingo wa kiti. Mama hakuwa mtu wa kusema mbele ya wakwe. Nakumbuka alifunga leso yake upya kabla ya kufungua mdomo.

"Mimi naona Mama anaanguka," alisema. "Tumpeleke hospitali aangaliwe."

Baba alitazama sakafu. Shangazi aliweka kikombe chini polepole.

"Rudisha hiyo neno."

"Sisemi kwa ubaya, dada."

"Nimesema rudisha. Kwenu mnaweza kusema vile mnataka. Hapa hatuitii wazazi wetu shimo. Na ni nani amemuona? Wewe umemuona?"

Mama alisema hapana, hajamuona kwa macho yake. Halafu akanitazama mimi. Shangazi akafuata macho yake, na baba pia, na ghafla chumba kizima kilikuwa kinanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyelala na Kogo, niliamka naye na kuchuna chai naye. Kogo peke yake hakunitazama. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Wewe ndio unakaa na yeye," shangazi aliniambia, kwa upole. "Sema ukweli. Umewahi kuona Kogo akianguka?"

Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua jibu, na nilijua pia neno la nyumbani kwetu.

"Hapana," nikasema. "Kogo huwa anaketi tu."

Shangazi alipiga makofi mara moja. "Si umesikia? Mtoto hawezi kudanganya." Mama aliinuka. Alikusanya vikombe akaenda jikoni. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri sana. Jioni hiyo Kogo alinipa mursik, maziwa ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe, ile ya juu yenye mafuta, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya baba.

Hazikupita wiki tatu. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri, na kizingiti cha jikoni kwa Kogo kilikuwa gogo lililochakaa kwa kukanyagwa. Mimi nilikuwa nje nimevaa sare ya shule, nikingoja chai. Kogo alitoka na kibuyu cha maziwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukitafuta ukuta. Niliona mguu wake ukiteleza. Sikupiga kelele. Hata wakati huo sikupiga kelele, maana kelele ingekuwa na lile neno ndani yake. Sauti iliyowaleta watu ilikuwa yake mwenyewe, na sijapata kuisikia sauti kama hiyo tena.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Jirani aliyekuja kutusaidia kumbeba alisema, "Kogo ameketi vibaya." Na hospitalini, baba alitueleza baadaye, daktari alimuuliza alianguka lini, naye akajibu kwamba mama yake aliketi asubuhi. Daktari akafikiri hakusikia vizuri, akauliza tena. Akauliza pia kama aliwahi kuanguka kabla ya siku hiyo. Baba akasema hajawahi hata mara moja, na baba wa watu alikuwa anasema alichokijua.

Kogo alirudi nyumbani bila kutembea. Alilala kwenye kitanda chetu miezi miwili, na mimi nililala chini kwenye godoro. Mzaha ulimtoka kabla ya nyama kumtoka. Mama ndiye aliyemgeuza, akamwosha na kumlisha uji kwa kijiko. Siku moja nilimsikia Kogo akimwambia, "Chai yako siku hizi iko mzuri," nami nikatoka nje nikalia nyuma ya zizi, kwa sababu ilikuwa ni chai ile ile. Alikufa kabla shule hazijafungwa.

Baada ya mazishi, shangazi alisimama kati ya wanawake, hakupaza sauti, akasema: "Mama yetu alikuwa anatembea vizuri mpaka mtu alipotaja." Hakumtaja mtu huyo kwa jina. Hapakuwa na haja. Tangu siku hiyo, kukiwa na sherehe ya ukoo, mama hakupewa kibuyu cha mursik akishike wala hakuombwa abariki mtoto. Alipewa sufuria na jiko. Watu hawakumfukuza wala kumtukana, walimpitia tu kando, mwaka baada ya mwaka. Na kila mwaka nilijiambia nitasema, nikimaliza darasa la nane, nikimaliza chuo, nikiolewa. Mtu huzoea kubeba uongo kama anavyozoea kubeba kikapu cha majani, mgongo ukishapata umbo lake.

Sasa mimi ni mwalimu, na mama ana miaka sabini na kitu. Mwaka juzi nilikuwa nyumbani kwake wakati mhudumu wa afya wa kijiji alipopita, msichana mdogo mwenye simu na orodha ya maswali. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama, mwaka huu umeanguka?"

Nilishtuka kama mtu aliyesikia tusi. Mama hakushtuka.

"Mara mbili," alisema. "Andika. Moja kwa choo, moja hapa kwa mlango. Na nikisimama haraka naona giza."

Msichana akaandika. Akatazama viatu vya mama vilivyolegea kisigino, akasema avitupe. Akasema mume wangu, niliyekuja naye, aweke mti wa kushika pale chooni, na mama apelekwe zahanati dawa zake zikaangaliwe. Haikuchukua hata robo saa. Alipoondoka nilijikuta nimekaa kwenye kigoda nalia kama mtoto, na mama anauliza nimepatwa na nini.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya michai, ya tangi, ya kitandani, na ile alama kwenye paja. Nilimwambia kwamba Jumapili ile, alipotafuta shahidi, shahidi alikuwepo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akichambua mboga.

"Nilijua," alisema. "Mimi ndio nilikuwa naosha nguo yake. Mtu hawezi kuketi hivyo, matope mpaka mgongo."

"Sasa kwa nini hukuniambia niseme? Kwa nini ulikubali miaka yote hii?"

"Ungesema, kisha Kogo akaanguka, wangesema ni wewe umemwita. Ulikuwa mtoto. Ungeishi aje na hiyo?"

Nilimwambia nitaenda Kiptere nikamweleze shangazi ukweli wote, siku hiyo hiyo, kabla ya mvua. Mama aliweka mboga chini.

"Wacha. Rael ni mzee, ana sukari, anaumwa. Anajua mama yake alikufa kwa sababu yangu. Ukimwambia hivyo, atajua alikufa kwa sababu alikataa kusikia. Mimi nimeshazoea. Yeye atazoea lini?"

Nikamtii. Mimi ni mtu wa kutii, hilo ndilo nililokuja kujua juu yangu, na silitaji kwa kujisifu. Watoto wangu wa shule nawafundisha kusema waonacho, tena kwa jina lake, na wao hufikiri mwalimu wao ni mtu jasiri.

Shangazi Rael alifariki mwaka jana, mwezi wa mvua. Tulienda wote Kiptere. Mama alikaribishwa jikoni, akavaa aproni, akashinda siku nzima akipikia waombolezaji na kuosha sufuria zao. Mimi niliitwa mbele, nikakae na familia, na nilienda.