Mpira Wenye Jina la Baba

Baba yangu, Harub, alikuwa dereva wa basi la kampuni ya mafuta. Kila Ijumaa aliwapeleka wahandisi wa Kimarekani kucheza besiboli kwenye kiwanja cha changarawe huko Bawshar, kwetu Uarabuni. Madereva wenzake walilala garini. Yeye alikaa akatazama mpaka akaupenda mchezo. Kila mhandisi aliyemaliza mkataba, baba alimwomba amtilie saini kwenye mpira. Kufikia mwaka 1999 kabati la mama lilikuwa na mipira kumi na tisa, na vikombe vya mama vilikuwa chini ya kitanda.

Wa ishirini ndio uliokuwa roho yake. Alimwandikia barua mchezaji mmoja maarufu wa Marekani, miaka sita mfululizo, kutoka posta ya Sib. Mwaka 2002 mpira ukaja, umeandikwa kwa wino wa buluu: "Kwa Harub", na saini chini yake. Sasa nani atajidai hajui ni wa nani?

Mzee Ghassan alijidai. Alikuja kumposea mwanawe, Hatem, na anayeposwa ni mimi. Akaushika mpira, akausifu. Baba akasema anachosema kila muungwana kwetu: "Chukua, wako huo." Na jibu lake hata mtoto wa miaka saba analijua: "Mungu akuzidishie, uko pahala pake." Ghassan akasema ahsante, akautia mfukoni mwa dishdasha, kanzu yake. Baba akaendelea kucheka na wageni, asije akaniharibia posa.

Nikaolewa. Miezi minane nikaupangusa vumbi mpira wa baba katika sebule ya Ghassan, kila asubuhi nimefura kwa hasira.

Siku ya Idi baba akaja kututembelea. Akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akaushika kwa mikono miwili.

"Mashaallah," akasema. "Mpira mzuri huu."

Baba hajapata kusifu kitu nyumbani kwa watu, kwa kuchelea wasije wakampa. Nikamtazama Ghassan. Lilitakiwa neno moja tu.

"Mzuri kweli," akajibu Ghassan. "Balqees, mtilie babako kahawa."

Sikutia. Niliukamata mkono wa baba, nikamfumbatisha mpira. "Jina lako hili, baba. Nenda nao."

Baba akalisoma jina lake, kisha akaurudisha kwenye rafu.

"Nshatoa, mwanangu. Khalas."

Uungwana ni vitendo, wanasema. Mpaka siku ile nilikuwa nimemkasirikia Ghassan peke yake. Tangu hapo nimewakasirikia wote wawili, na baba ndiye zaidi.