Siku jogoo wa harambee yetu Malaba alipopata mnunuzi wa kweli

Mimi ni binti wa Wandera na Nekesa. Nilizaliwa Nambale, nikaolewa Malaba upande wa Kenya, na nipo hapa mpaka leo.

Wakuu wa jukwaa hili, pokeeni salamu zangu. Sikwenda shule. Anayebonyeza ni mjukuu wangu Nabwire. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea nihakikishe hakuongeza chumvi. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu. Mwenye shaka aje aulize wazee wa mtaa wetu.

Nabwire amenisomea mjadala wenu kuhusu kusaidia vituo vya watoto, na namna michango inavyopungua. Nimeona niwaeleze yaliyotupata sisi, miaka ya tisini.

Palikuwa na kituo kidogo cha yatima, mlezi wao akiitwa Mama Atieno. Mimi nilijitolea kuwapikia watoto uji kila asubuhi. Sikulipwa, wala sikuomba.

Watoto walikuwa wakilala katika stoo ya mwenye kinu cha kusaga unga. Mahindi yalipokaribia kuvunwa, mwenye stoo akaitaka stoo yake. Bweni jipya tulilokuwa tukiwajengea lilikuwa na kuta tu, na mvua ilinyesha kila jioni. Tungekosa mabati, watoto wangetawanywa, kila mmoja kwa jamaa ambaye hakumtaka tangu mwanzo.

Tukaitisha harambee. Mimi nikatoa jogoo.

Kwa wale ambao hamjui desturi yetu: jogoo wa harambee hauzwi ili aliwe. Mtu anamnunua kwa mnada, anapigiwa makofi, kisha anatangaza, "Nami namrudisha kwa watoto." Anauzwa tena. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa na kijiji kizima na jioni akalala kwa mwenyewe. Hakuna aliyewahi kutufundisha hivyo. Tulikuta hivyo.

MC wetu alikuwa Ouma, fundi wa redio. Mgeni wa heshima alifika na bahasha nene, akakaa mbele. Ouma akaanza mnada kwa bei ndogo, ili watu wachangamke.

Nyuma ya umati alisimama mzee mmoja na baiskeli. Aliitwa Waiswa, mtu wa ng'ambo, Uganda. Alikuwa ameleta ndizi sokoni na sasa anarudi kwao. Aliona kuku anauzwa, bei ni nzuri, akainua mkono.

"Imeenda!" Ouma akapaza sauti. "Mpigieni mzee makofi!"

Tukampigia. Waiswa akalipa, akamfunga jogoo miguu, akamlaza juu ya majani ya migomba kwenye keria ya baiskeli. Ouma akamnyooshea maikrofoni aseme yale maneno. Waiswa akasema, "Asanteni, mbaki salama," akapanda baiskeli, akaenda.

Tuliendelea kupiga makofi. Tulidhani anamzungusha ili watu wamwone.

Makofi yakachoka yenyewe.

"Ouma," mtu akauliza, "huyo mzee anarudi saa ngapi?"

Ouma akajaribu kuuza yai. Akaambiwa hilo yai litavunjika kabla ya raundi ya pili. Akaleta boga, likakosa mtu. Akavua kofia yake. "Hiyo kofia tunaijua, boss," wakamwambia, "vaa tu."

Nikasimama, nikawaambia watu waweke pesa kwenye kapu bila kununua kitu. Walinitazama kana kwamba nimewaomba wavue nguo. Mgeni wa heshima akasema kwa upole, "Mama, mimi nilikuja kununua jogoo." Akairudisha bahasha mfukoni, akaenda kukaa ndani ya gari lake. Wengine wakaanza kukunja viti.

Basi mimi na Mama Atieno tukavuka daraja la mpakani kumfuata Waiswa. Haikuwa vigumu kumpata. Kila tuliyemuuliza kuhusu mzee mwenye jogoo alituonyesha njia.

Tulimkuta uani kwake. Maji yalikuwa jikoni, mkewe anachochea kuni. Jogoo alikuwa hai bado, amefungwa kwenye mguu wa meza.

"Mzee Waiswa," Mama Atieno akaanza, "tumekuja kwa sababu ya jogoo."

"Karibuni. Hajaiva."

"Tumekuja kumchukua."

"Mmeleta pesa yangu?"

"Pesa hairudi, mzee. Ni ya watoto."

"Kumbe. Pesa yangu ibaki kwenu, na kuku yangu pia irudi kwenu?"

"Ndiyo."

"Banange! Jamani, na mimi nabaki na nini?"

"Baraka," akasema Mama Atieno.

Mkewe akauliza kutoka jikoni, "Hizo zinapikwa kwa dakika ngapi?"

Nikaona mambo yanaharibika. Nikamwambia Waiswa bila kuzunguka kwamba hatukuja kumtapeli. Watoto watakosa pa kulala, na watu wa kwetu hawatoi pesa mpaka wamwone jogoo.

"Hata kama watoto watanyeshewa?"

"Hata kama."

Akainuka akamfungua jogoo. "Basi hao watu wenu ni wagonjwa," akasema. "Twende niwaone."

Tuliporudi upande wa Kenya, afisa wa forodha akatusimamisha kwenye kizuizi. Akauliza karatasi ya daktari wa mifugo.

"Huyu ni jogoo wangu," nikamwambia. "Alizaliwa hapa Malaba."

"Alitoka Kenya na karatasi?"

"Alitoka na baiskeli."

"Kwa rekodi zangu, mama, hakuna jogoo aliyetoka. Asiyetoka hawezi kuwa anarudi. Huyu ni mgeni, na mgeni anahitaji karatasi."

Daktari mwenyewe alikuwa Busia, na jua lilikuwa linashuka.

Hapo kizuizini malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu, kama kawaida ya Malaba. Madereva walikuwa wamekaa siku nyingi wakingoja mizigo yao ipitishwe. Walikuwa wamechoka kucheza bao, wamechoka hata kugombana. Mmoja wao, mtu wa Mombasa, akaja na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo bibi. Mwauza huyo kuku?"

"Marahaba. Anauzwa," nikamjibu, "lakini huondoki naye." Nikamweleza habari yote, stoo, mvua na watoto.

Akageuka akawaita wenzake. "Njooni huku! Kuna kuku wa kununua asiyechukuliwa!"

Ndivyo harambee yetu ilivyofanyika barabarani, kati ya malori. Waiswa ndiye aliyeuza, maana ndiye aliyekuwa amemshika jogoo. Dereva wa kwanza akanunua, akamrudisha. Wa pili vilevile. Waiswa akakasirika kwelikweli.

"Wewe umelipa! Chukua kuku yako!"

"Namrudisha kwa watoto, mzee."

"Watoto wameomba kuku? Shika! Mnaniharibia mnada!"

Kadiri alivyofoka ndivyo walivyozidi kununua, na habari ikaenda mpaka mwisho wa foleni. Ouma naye akafika mbio na maikrofoni isiyo na umeme. Mgeni wa heshima akaja nyuma yake, akanunua, bahasha ikatoka. Mwishowe hata yule afisa wa forodha akanunua. Nilimuuliza karatasi za kuku wake ziko wapi. Akamrudisha haraka.

Pesa ikatosha, mabati yakanunuliwa Bumala. Dereva wa Mombasa alijua lori moja lililokuwa likitoka huko tupu, nalo likayaleta bila nauli. Kwa kuwa foleni haikusogea, madereva wanne walipanda juu ya bweni wakapigilia misumari wenyewe. Watoto waliingia kabla mwenye stoo hajaleta mahindi yake.

Jogoo alibaki kizuizini bila mwenyewe, kwa sababu kila aliyemnunua alikuwa amemkana mbele ya watu. Waiswa akasema, "Hapa mimi peke yangu ndiye niliyenunua kuku." Akamfunga kwenye keria, akavuka naye, na safari hii hakuna aliyemfuata.

Funzo langu, wakuu. Sisi wenyeji tulitoa vitu vya kurudishwa, tukapiga makofi, tukataka kwenda nyumbani. Bweni liliezekwa na watu waliokuwa wakingoja mihuri ya forodha. Ukisema umejitolea, kaa mpaka msumari wa mwisho. Na ukiona watu hawatoi mpaka wamwone jogoo, usiwahubirie. Tafuta jogoo.

Sasa nanyi semeni. Anayetaka kunibishia aanze kwa kutaja kituo alichokisaidia.

Nabwire, jina la Waiswa libaki kama nilivyolitamka. Upande huu hana mtu wa kumtaja. Jina la dereva sikuliuliza, usimbunie. Watakaocheka waache wacheke. Atakayeuliza kituo kinahitaji nini leo, ujumbe wake usiufute, na usilale kabla hujamwelekeza njia.