Nyanya Iliyokataa Kuoza

Anaitwa Maabara, na jina hilo alijitafutia mwenyewe, kwa simu yake na kwa bando lake.

Alikuwa amesafiri msibani, akasahau nyanya moja juu ya friji. Aliporudi akaikuta inang'aa kama imetoka kuogeshwa. Mtu mwenye akili zake angeipika akanyamaza. Yeye akaipiga picha, akairusha kwenye grupu la wateja wake: "Nyanya zangu hazizeeki, karibuni." Alidhani anatangaza biashara. Jibu la kwanza likaja, "Hiyo ya maabara hiyo. GMO." La pili lilikuwa emoji ya fuvu. Kesho yake sokoni hata mbeba mizigo alimwamkia, shikamoo Maabara, kwa heshima zote.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Ya nyanya moja ikikataa kuoza hawakusema, wakatuachia wenyewe.

Jina angelizoea. Kilichomuuma ni wateja kuhamia meza ya jirani, ya wifi yake, dada wa mumewe. Na hao wawili wananunua kwenye lori moja, la shamba moja, makreti wanagawana palepale chini. Tofauti ni kwamba wifi hafuti vumbi, na mbele anapanga zile zenye tundu la funza. Wateja wanalitafuta hilo tundu kwa kidole kama wanatafuta muhuri wa serikali. "Funza kala hajafa, wewe utakufaje?" wifi anawauliza, na nyanya zinaondoka.

Bwana shamba alipita akaeleza kwamba mbegu ile ni chotara ya kawaida, ngozi nene tu, vinasaba vyake hakuna aliyevigusa. Wakamsikiliza kwa adabu. Alipogeuza mgongo wakasema kahongwa. Maabara mwenyewe, ukimuuliza kama angekula nyanya iliyohaririwa vinasaba kweli, anasema hathubutu, anaogopa. Anaogopa nini, hajui. Ila kaona video.

Mteja mkubwa aliyembakia ni kantini ya kiwanda cha nguo. Kantini ikiondoka, meza inafungwa, naye anarudi kumshikia mumewe spana kwenye kibanda cha baiskeli. Mume mwenyewe ni mtu mwema, lakini ukimpa spana namba siyo anavuta pumzi kwa namna ambayo bora akutukane.

Basi habari zikafika kantini. Mafundi cherehani wakaanza kusukuma sahani pembeni, eti hawako tayari kuota mikia. Mpishi mkuu, mtu asiyependa kelele, akatoa mtihani: Maabara na wifi yake kila mmoja alete nyanya moja, zikae rafuni jikoni.

"Itakayoanza kuoza ndiyo chakula," akasema. "Mwenye hiyo ndiye nitakayenunua kwake."

Yaani watu wazima na akili zao wakaingia mashindano ya kuoza.

Maabara akachagua nyanya yake, akaibonyeza kwa kidole gumba pale penye kikonyo. Kidogo tu. Mumewe akamwambia ongeza. Akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaianika juani, akawa anaenda kuigeuza kama mgonjwa wa kitandani. Wala hakujua kwamba nyumba ya pili wifi naye hakumwamini funza peke yake: ya kwake aliitoboa kwa sindano, akaichovya kwenye maji ya sukari.

Wakapeleka. Siku ya pili mpishi akawaita. Rafuni palikuwa na vidimbwi viwili, na nzi waliohudhuria bila ubaguzi. Mpishi akaviangalia, akawaangalia wao.

"Hizi zimeoza mno."

"Si ndivyo ulivyotaka, kaka?" Maabara akauliza.

"Nyanya ya Mungu haiozi hivi. Mmeziwekea nini?"

Wifi akakohoa. Jibu walikuwa nalo, ila halikuwa la kumsaidia mtu.

Tangu siku hiyo kantini inapikia nyanya ya kopo. Kopo limeandikwa litaharibika mwaka keshokutwa huko. Mafundi cherehani wanakula mpaka wanapangusa sahani, na hakuna aliyeuliza kwa nini haiozi.

Siku hiyo njiani kurudi, wifi akashindwa kujizuia.

"Ya kwako uliifanyaje?"

"Niliibonyeza. Wewe?"

"Sindano."

Wakacheka mpaka muuza mitumba akawauliza harusi ni ya nani. Kisha wakaunganisha meza, maana bila kantini, meza ya Maabara peke yake isingesimama, na wifi aliona aibu kumwangalia akienda kushika spana. Sasa anayetaka yenye tundu anaelekezwa kulia, anayetaka inayong'aa anaelekezwa kushoto. Kreti liko katikati, moja.

Haya, na kwenu? Kama kuna chakula kilichowahi kushtakiwa mtaani kwa kosa la kupendeza, au shangazi anayewarushia video kila asubuhi halafu mchana anakula kila kitu, tupia kisa chako hapo chini. Majina acha, tusije tukaharibiana soko.