Mkono wa Koti la Baba

Hebu weka hiyo rula chini, mwanangu, usogeze kiti. Nakumbuka adhuhuri moja nikiwa kijana kama wewe, nimesimama mbele ya ubao kama huo wako, rula mkononi, nikijiona fundi kwelikweli.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kamwokya, redio za majirani zote zikiimba kwa pamoja. Picha zangu hazikuwa na mtu wala nyumba. Nilibandika magunia, mchanga na vipande vya nguo kutoka soko la Nakivubo, kisha nikapaka rangi juu. Mwanzoni sikupanga chochote. Nilianza na kipande kimoja, nikakitazama, mkono ukataka kingine, nikauachia. Halafu nikasifiwa kidogo tu, kichwa kikavimba. Nikaanza kuchora mpango kwanza kwenye karatasi, kila kipande na mahali pake, ili watu wajue kwamba nimesoma.

Baba yangu alikuwa polisi. Tulilelewa kwenye kota za Nsambya, na mama, mwanamke wa Gulu, alimpigia nguo zake pasi ya makaa kila asubuhi huku akimtania, "Afande, simama sawa!" Baba alipofariki, mama alinipa koti zito alilokuwa akilivaa lindoni usiku. Hakusema la nini. Mimi nikaamua kumfanyia baba picha.

Nililikata koti kwa kufuata rula. Mgongo ukawa miraba, kola ikawa ukanda, vyote nikavibandika vimenyooka kama gwaride. Picha ikakataa. Nikakata tena, nikapanga upya, ikazidi kukataa, na kitambaa kikawa kinaisha. Ulipobaki mkono mmoja wa koti, nikashika mkasi. Ndipo mama akaingia na kikapu chake, ameniletea kopo la simsim, ufuta wa kusaga.

"Wewe! Koti ya mzee, nani nakata?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kota.

Nikamwonyesha karatasi yangu ya mpango, nikaeleza na kueleza. Hata hakuishika. Aliutazama ubao.

"Sasa baba yako iko wapi hapa?"

Niliona haya, mwanangu. Hata mimi nilikuwa nikimtafuta siku zote zile na sikumpata, na kitambaa cha kumtafutia kilichobaki ni ule mkono tu.

Mama aliuchukua, akaupakata. Nilidhani ataondoka nao, na angekuwa na haki. Badala yake akaukunja kwenye kiwiko, pale ambapo kitambaa kilikuwa kimechakaa kwa kukunjwa miaka yote, akaulaza kwenye gundi mbichi, juu kabisa ya ubao, nje ya mpango wangu wote.

"Yeye akitoka kazi, nalala hivi. Mukono juu ya macho."

Vidole viliniwasha niunyooshe. Nikavizuia. Nikaanza kuibandua ile miraba, ikaacha nyuzi na makovu ya gundi, nikayaacha. Nikachota majivu ya sigiri, jiko langu la makaa, nikayasugua kwa kiganja palipokuwa wazi. Sikuwaza lolote. Nilikuwa nalia na mikono inafanya kazi. Nilipokaribia kile kiwiko mikono ikasimama yenyewe, nikajua picha imeisha.

Mama hakuniaga mimi kwanza. Aliugusa ule mkono kwa kidole kimoja, akasema taratibu, "Afande, lala." Kisha akachukua kikapu chake, akaniambia nile ile simsim, nimekonda.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kupanga, na rula yako ni nzuri, nitaiazima. Lakini anza na kile kipande ambacho ukikishika kinakugusa moyo. Kaa nacho kabla hujakikata, maana kukata hakurudi nyuma. Kikiwa na makunyanzi, uliza yametoka wapi kabla hujayanyoosha. Picha ikikukatalia usiilazimishe. Bandua, hata kama ulijisifu nayo jana. Na mkono ukisimama, nawe simama, usiongeze rangi kwa ajili ya watu watakaokuja kutazama.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, iguse kabla ya kukata. Akupe na mtu anayekupenda kiasi cha kusimama mbele ya kazi yako na kukuuliza, bila kukuonea aibu, huyo unayemtafuta iko wapi hapa.