Jino la Mbwa Wetu

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto kijijini kwetu Mkunya, mbwa wetu alipogoma kula. Alijikunyata nyuma ya banda, udenda unamchuruzika, na mume wangu alipomsogezea ugali akamtolea meno. Hakuwahi kumfanyia hivyo tangu tuanze kumlea.

Hadi adhuhuri mtaa mzima ulishasikia kwamba mbwa wetu ana kichaa. Jirani yetu, baba wa makamo aliyewahi kumzika mpwa wake aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, akaja na rungu pamoja na wanaume wawili. Hakufoka. Alitusalimia, kisha akaomba ruhusa ammalize kabla hajamng'ata mtu. Mume wangu akaangalia chini. Nilijua anakaribia kukubali.

Nikasema mbwa amechanjwa, na kwamba kwa siku kadhaa mdomo wake ulikuwa ukinuka kama nyama iliyooza.

"Mama, harufu haiui," jirani akanijibu taratibu. "Kichaa kinaua."

Nilimwomba tu asubiri, nikampigia simu daktari wa mifugo wa Newala mjini, hapo hapo mbele yake. Jirani akakubali, ila hakuondoka. Aliketi kwenye gogo, rungu magotini, macho kwa mbwa. Watoto nikawafungia ndani. Kila mbwa alipojitikisa, wale wanaume walisimama.

Daktari, dada mmoja mpole, alipofika aliuliza kwanza habari za chanjo. Akavaa glavu nene, akamnasa mbwa kwa kitanzi kilichofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, akamchoma sindano ya usingizi. Mbwa alipolegea, daktari akamfunua mdomo. Jino la nyuma lilikuwa limepasuka, ufizi umevimba, usaha umejaa. Wakati linang'olewa, jirani alikuwa ameinama nyuma ya bega la daktari, anatazama.

"Alikuwa anaumwa jino," daktari akasema. Jirani akashusha pumzi, akaenda zake bila kuaga.

Daktari alinielekeza nisimpe tena mifupa migumu, nimsugue meno kwa mswaki laini na maji matupu, wala nisitumie dawa yetu ya meno. Siku ya kwanza nilimfunua midomo, nikamgusisha mswaki. Akanguruma, nikaacha. Akatulia, nikaendelea.

Mume wangu bado hathubutu. Jirani naye, akipita, huulizia ufizi unaendeleaje, lakini huuliza akiwa barabarani.