Juzuu ya Pili

Murshid ana miaka sitini na tisa, na hamsini kati ya hiyo ameimaliza kwenye karata. Katika ile fleti ya Darsait yenye mapazia mazito, wachezaji wenzake wanamjua kwa ugonjwa mmoja: mkono ukimkubali, hainuki. Mkewe alichoka akenda kukaa kwa wanawe. Mtu mzima hovyo! Lakini ukimwona na kanzu yake iliyonyooka kwa pasi, ungemwachia funguo za nyumba.

Wizi aliuanzisha yeye. Aliwahi kuwa karani katika duka la dhahabu la Aflah, sokoni Sib, na aliijua ghala ya juu na sanduku lake la chuma. Shemegi yake Thani, mume wa dada yake Nasriya, alikuwa fundi makufuli aliyestaafu na goti bovu. Thani hakutaka. Murshid alimbembeleza mwezi mzima.

"Mara moja tu, yakhe, kisha sote tupumzike."

Mama yake Aflah akafariki, duka likafungwa siku tatu za msiba. Siku ya pili, baada ya alasiri, Aflah angekuwa kwenye sabla, ule ukumbi wa mtaa huko Hail, akipokea rambirambi. Kazi ya Murshid ilikuwa nyepesi hata aibu: akae mkabala na mfiwa, amtazame. Mfiwa akiinuka, ampigie simu Thani kule ghalani. Simu ikinyamaza, Thani ajue kuko salama.

Hitima ikaanza, juzuu zikagawiwa watu. Murshid alipokea yake kwa kujifanya tu, maana hajafungua msahafu miaka. Lakini ulimi ulikumbuka chuo cha Kurani Unguja, na bakora za mwalimu, na sauti ikatoka. Walio jirani wakanyamaza kumsikiliza.

"Mashallah," mzee mmoja akasema. "Pandisha sauti, wanawake huko upande wao nao wasikie."

Alipomaliza, ilikuwapo juzuu ya mtu aliyeondoka mapema. Nani ataisoma? Hapo ndipo alipopaswa kumtazama Aflah. Murshid akanyoosha mkono. Moja tena! Lilikuwa joto lile lile la meza ya karata, Mungu amsamehe, akaliachia, macho kwenye juzuu, akasoma.

Aflah akainuka. Juzuu nyingine moja ilikosekana kwenye kasha la hitima, naye akakumbuka kasha jingine la marehemu baba yake, kule ghalani dukani, akatoka kulifuata. Alipita karibu hata kanzu yake ikamgusa Murshid goti.

Juzuu ya pili ilipokwisha, simu ikatetemeka. Ilionyesha jina la Thani. Murshid akatoka barazani.

"Enhe?"

"Mzee Murshid, mimi Aflah." Alikuwa akilia. "Nnakupigia kwa simu ya shemegi yako. Nimemkuta ghalani. Karuka dirishani hata sijawahi kumwita. Kafa. Na simu yake ilikuwa wazi, kwenye jina lako. Polisi wanakuja. Mwambie Nasriya wewe, mimi siwezi."

Murshid aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Akazunguka mpaka mlango wa wanawake, akaagiza aitiwe dada yake. Nasriya akatoka, macho mekundu, uso umemfunguka.

"Kaka, nimekusikia! Nimewaambia wote, huyo kaka yangu. Miaka mingapi nnamuomba Mungu nikusikie hivyo? Leo nikirudi nitamhadithia Thani."

Murshid akamshika mkono, akamwambia avae viatu.